Shilingi kumi za sahani ya pilau

Siku Shangazi alipoungua, harusi ilikula ikashiba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba 2017, uani kwangu Temeke. Tulikuwa na shughuli ya watu 300 huko Mbagala: pilau, kuku wa kukaanga, sambusa, kachumbari, matunda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ardhi ikawa tepetepe. Karai kubwa tulilitegesha juu ya mafiga matatu ya tofali kama tulivyozoea miaka yote. Saa nane mchana figa moja likatitia, karai likainama, mafuta yakamiminika. Shangazi alikuwa amechuchumaa upande uleule, anageuza vipande vya kuku.

Jiko zima lilimwita Shangazi, ingawa hakuwa na udugu na yeyote kati yetu. Alikuwa nami tangu nilipoanza na sufuria mbili za kuazima. Mafuta yalimpata mguu wa kushoto kuanzia gotini kushuka chini, na mkono wa kushoto aliouweka mbele kujikinga. Mmoja wetu akakimbilia dawa ya meno, mwingine akavunja yai, wa tatu akaja na unga wa ngano. Pipa la maji lilikuwa hatua tano tu kutoka pale alipoketi akilia. Hakuna hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, aliyejua kwamba aliyeungua anatakiwa kumiminiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe kitu kingine chochote. Tukampandisha bajaji akiwa amepakwa vyote vitatu.

Bajaji haijafika lami, simu yangu ikaita. Mwenyekiti wa kamati ya harusi. "Mama, chakula kinafika saa ngapi? Wageni wameshaanza kuingia ukumbini." Nikamjibu, "Kipo njiani, baba." Nikajifuta machozi kwa kanga, nikarudi jikoni. Saa kumi na mbili na nusu jioni sahani ya kwanza ikapakuliwa. Watu walimsifu sana kuku yule. Hakuna aliyeuliza nani kamkaanga, na mimi sikusema.

Shangazi alilala hospitali wiki tano. Niliuza friza, nikakopa kwenye kikoba, na wapishi wenzake wakachanga kwa simu, huyu elfu tano, yule elfu mbili. Alipotoka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kujikunja. Aliambiwa ahudhurie mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa. Alihudhuria mara nne. Nauli na malipo vikamshinda yeye, na mimi msimu wa harusi ulikuwa umeisha, sina kitu. Vidole vikabaki vimekunjwa hivyohivyo. Vidole vile ni deni langu, na sidhani kama nitalimaliza kulilipa.

Naandika haya kwa sababu fedha za kumtibu Shangazi zilikuwepo. Zilikuwa zinaanzia kwenye shilingi elfu nne ambazo sikuzitoa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunaujua kwa herufi zake WCF, ulianza kazi Tanzania Bara tarehe 1 Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia; mfanyakazi hakatwi hata senti. Wakati ule mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Jumamosi ile nilikuwa na watu 16, kila mmoja namlipa 25,000. Jumla 400,000. Asilimia 1 yake ni 4,000. Asubuhi ileile nilinunua ndimu na pilipili kwa zaidi ya hapo, na sikuona kwamba nimeingia gharama.

Tangu wakati huo kiwango kimeshuka. Mwaka 2021 kilipunguzwa mpaka asilimia 0.6, na mwaka 2022 mpaka asilimia 0.5, sawa na wanachochangia waajiri wa umma. Tupige hesabu ya shughuli ya leo. Una watu 24 jikoni na ukumbini, kila mmoja unampa 25,000. Malipo yote ni 600,000. Nusu ya asilimia 1 ni shilingi 3,000. Umelisha wageni 300. Gawanya: shilingi kumi kwa sahani. Sarafu ya shilingi kumi leo hata mtoto akiiona njiani haiinamii. Lakini sahani 300 zikitoa shilingi kumi kumi, watu 24 wana mahali pa kushika siku karai linapoinama.

Na wanashika nini? Mfuko unalipia matibabu. Unamlipa mfanyakazi anapokuwa kitandani hawezi kazi, na unamlipa akibaki na ulemavu wa kudumu. Unamlipa mtu wa kumhudumia ikiwa hali yake inahitaji msaidizi kila siku. Unagharamia utengamao, yaani mazoezi ya viungo, vifaa bandia na mafunzo ya kumrudisha kazini. Akifariki, unatoa msaada wa mazishi na kuwalipa wategemezi wake. Ninaposoma neno utengamao kwenye vipeperushi vyao, naviona vidole viwili. Zile safari za mazoezi zilizomshinda Shangazi baada ya mara nne zimo kwenye orodha hiyo.

Jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawalijui: fidia hii haisubiri mfanyakazi athibitishe kwamba bosi alizembea. Haki yake inatokana na kuumia akiwa kazini. Kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kuificha ajali kwa kuogopa kushtakiwa, na mfanyakazi hana sababu ya kusema aliungua nyumbani ili kumlinda bosi wake. Nimewasikia wapishi wakisema uongo huo mbele ya daktari, kwa wema kabisa, huku wakijinyima haki yao wenyewe. Ajali ikitokea, itolewe taarifa mapema na kwa ukweli.

Nawasikia wenzangu wa kazi hii wakinijibu. Jibu la kwanza huwa hili: "Hao si wafanyakazi wangu, ni deiwaka. Leo wako kwangu, kesho kwa mwingine." Nilikuwa nasema hivyo pia. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, imeweka vigezo vya kumtambua mfanyakazi, na hakuna hata kimoja kinachoanza na karatasi. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mtu mwingine? Saa zake zinapangwa na mtu mwingine? Vifaa anavyotumia anapewa na mtu mwingine? Kigezo kimoja tu kikiwepo, sheria inaanza kwa kumhesabu kuwa ni mfanyakazi, na anayebisha ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Sasa tujiulize sisi wenyewe. Nani anamwambia Shangazi kuku watoke saa ngapi? Karai ni la nani? Aproni yenye jina la biashara aliivalishwa na nani? Tunamwita deiwaka siku ya kulipa tu. Siku ya kazi tunamwita saa kumi alfajiri na tunataka afike.

Jibu la pili ni la wajanja. Wanajisajili, lakini kwenye fomu wanaandika mishahara midogo kuliko wanayolipa ili mchango upungue. Huo ni wizi unaomrudia masikini yuleyule. Malipo ya mtu aliyelazwa yanahesabiwa kwa asilimia ya kipato kilichotangazwa. Ukitangaza nusu, siku akiungua utakuwa umempunguzia chakula cha watoto wake kwa nusu, kwa ajili ya kuokoa shilingi tano kwenye sahani.

Jibu la tatu linasemwa kwa upole na wazee wetu: "Ajali haina kinga." Naiheshimu kauli hiyo, mama yangu alikuwa akiisema. Lakini tuiangalie vizuri. Inasema ajali huja bila kupiga hodi. Haisemi kwamba ikija tusiwe na pa kumpeleka majeruhi. Kwanza ajali yangu ilikuwa na kinga: tofali pana, ardhi kavu, na mtu mmoja anayejua kumimina maji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatutaka tuyafanye hayo, na jiko la uani ni mahali pa kazi kama kilivyo kiwanda. Pili, hata kinga yote ikishindwa, malipo yapo. Kumtegemea Mungu hakujawahi kumzuia Mswahili kuweka akiba ya unga. Na kwa ndugu zangu Waislamu wanaosita kwa sababu ya riba, siku hizi bima ya takaful ipo nchini. Suala hilo lisiwe tena sababu ya kukaa bila chochote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo limewaponza baadhi yetu. Mfuko wa Fidia unamlinda mfanyakazi peke yake. Mgeni aliyeharishwa na chakula chako hayumo. Zulia la ukumbi lililoungua halimo. Gari halimo, wala sufuria. Kwa hayo lazima uende kwenye kampuni ya bima, kwa fedha nyingine.

Tuanze na mgeni, kwa maana ndiye tunayemwogopa zaidi na kumzungumzia kidogo zaidi. Wali uliopikwa alfajiri, ukafunikwa ukapoa polepole na kukaa vuguvugu mpaka jioni, unazaa vijidudu ambavyo kuupasha moto tena hakuondoi sumu yao. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kinapopakuliwa. Lakini foleni ya magari haijui nyuzi, na maharusi wakichelewa saloni saa tatu, pilau lako ndilo linalosubiri. Ikitokea watu arobaini wakalazwa, kinachosimama kati yako na kufilisika ni bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa madhara uliyowasababishia watu wengine katika biashara yako. Unapoikata, uliza kwa sauti kubwa: je, inahusu na chakula chenyewe, au mtu kuteleza tu? Usiondoke mpaka uonyeshwe mstari huo kwenye mkataba.

Halafu moto. Nchi imeamua kuacha kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwisho wake. Mimi nimehamia kwenye gesi na sirudi nyuma, macho yangu na kifua changu vinashukuru. Ila mitungi sita iliyopangwa uani ni jambo la kuheshimiwa. Kila Ijumaa tunapaka povu la sabuni kwenye mipira na viungio vyake. Panapotoa mapovu hapawashwi. Na bima ya moto lazima ijue mitungi hiyo ipo. Wengi tunapikia nyumbani, tuna bima ya nyumba iliyotokana na mkopo wa benki, tunadhani tumemaliza. Bima ya nyumba ya kuishi si bima ya jiko la biashara. Ukimficha wakala kwamba uani kuna gesi na watu 20, umejinunulia karatasi. Vilevile usijipunje kwenye thamani. Una vyombo vya milioni 20, ukavikatia bima ya milioni 10 ili malipo yawe madogo; moto ukila vyombo vya milioni 8, usishangae ukilipwa milioni 4. Ulikata nusu, unalipwa kwa nusu.

Na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Kila Jumamosi Dar es Salaam imejaa kirikuu zilizobeba sufuria, viti na wahudumu waliokalia ndoo za kachumbari. Nyingi zina bima ndogo, kwa kuwa ndiyo trafiki anayoiulizia. Bima ndogo inawalipa wengine uliowagonga. Hasara ya gari lako, chakula chako na vyombo vyako unabaki nayo mwenyewe. Na mhudumu anayetoka jikoni kwenda ukumbini yuko kazini, si abiria wa lifti. Akae kwenye kiti.

Sasa nifike kwenye kiini cha shida, ambacho ni bei. Mimi leo nikiandika kwenye makadirio yangu mstari wa michango na bima, sahani yangu inapanda kidogo. Mwenzangu wa mtaa wa pili, asiyelipa chochote, anashuka shilingi mia tatu chini yangu na kamati inamchukua. Nimepoteza shughuli kwa namna hiyo, siwezi kuhesabu ngapi. Anayefanya haki anaadhibiwa na soko, na anayemwacha mpishi wake aungue bure anapewa kianzio. Hali hii haitabadilishwa na wapishi peke yetu. Itabadilishwa na wale wanaotulipa.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa harusi, sendofu na misiba, ninyi mnaokaa vikao vya Jumapili na daftari la michango. Mnajadili rangi ya mapambo kwa saa mbili. Mnamlipa mshereheshaji bila kupunguza. Mnapofika kwenye chakula, kabla hamjatoa kianzio, tuulizeni maswali matatu. Mna cheti cha usajili cha Mfuko wa Fidia? Bima yenu ya dhima kwa umma itakuwa hai siku ya shughuli yetu? Majina ya watakaotupikia na kutuhudumia yameandikwa wapi? Anayejibu kwa kuonyesha karatasi, mpeni kazi hata kama amezidi mia tatu. Karatasi ya bima nayo msiiamini kwa macho. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina mfumo ambao mtu anaweza kuhakiki bima kwa simu yake palepale kikaoni.

Nawaomba wenye kumbi wafanye vivyo hivyo mlangoni. Nawaomba zaidi maofisa manunuzi wa serikali na mashirika. Semina zenu za siku tatu, na chai ya saa nne na chakula cha mchana, ndizo zinazotuweka mjini nje ya msimu wa harusi. Ninyi mkisema hakuna cheti hakuna zabuni, mwaka hautaisha biashara hii itakuwa imebadilika sura.

Na Mfuko wenyewe nauomba utusogelee zaidi. Kazi yetu haina mishahara ya mwisho wa mwezi. Wiki hii nina watu 30, wiki ijayo sina hata mmoja. Tungekuwa na njia rahisi ya kuingiza kwa simu majina na namba za NIDA za watu wa Jumamosi hii, tukapata namba ya malipo na kulipa elfu tatu zetu kabla ya jiko kuwashwa, mamia ya akina mama wa shughuli wangeingia kwa hiari yao. Kampuni za bima nazo zitutengenezee bima ya shughuli moja, au ya msimu, kuanzia Juni hadi Desemba, wakati tunapokuwa na kazi na fedha. Tunaogopa fomu kuliko tunavyoogopa malipo.

Shangazi alirudi jikoni. Hawezi tena kunyanyua sufuria, wala hakai karibu na karai. Alikaa nyumbani miaka miwili, nikamfuata, nikamwomba msamaha kwa maneno yanayostahili, na nikamwomba arudi kwa kazi nyingine. Sasa kila siku ya shughuli anakaa kwenye kigoda mlangoni pa ua, daftari limelala mapajani. Mkono wa kushoto analikandamizia, wa kulia anaandika. Kila anayeingia anataja jina, namba ya NIDA na simu ya mtu wa nyumbani kwao. Vijana wengine huharakisha kupita. Yeye humwinulia kijana ule mkono wa vidole viwili vilivyokunjwa, anamwambia, "Mwanangu, andikisha kwanza." Halafu anageuka kuangalia kama pipa la maji limejaa, na ndipo mimi ninapowasha kiberiti.